Studio ya kamba: humo ndani kuna nini, na "jumuishi" ni kwa nani

Picha ya mtu aliyezungushiwa kamba kifuani ikitua kwenye kundi la WhatsApp, hukumu hutoka kabla ya swali: ametekwa, ni ushirikina, ni mateso, ni ponografia. Nyingi ya picha hizo zimepigwa studioni, katika miji kama London, Berlin, Tokyo au New York, ambako watu wazima hulipa kiingilio ili wajifunze kufunga na kufungwa kamba kwa hiari yao. Kwa msomaji aliyeko Mwanza au Mombasa hilo ni jambo la mbali. Kwa Mswahili anayeishi London ni tangazo analokutana nalo akitafuta la kufanya wikendi, na maswali yake ni ya vitendo: humo ndani kuna nini, na mtu kama mimi ana nafasi?

Tuanze na istilahi, maana mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Bondeji ni jina la jumla la kumzuia mtu mzima asijongee, kwa ridhaa yake, iwe kwa kamba, mikanda au pingu. Shibari na kinbaku ni majina ya Kijapani ya ufungaji wa kamba wenye mtindo wa Japani, na wengi huyatumia kwa maana moja. Anayeshika kamba tutamwita mfungaji. Wa pili ni anayefungwa, na mtu mmoja anaweza kuwa huyu leo na yule kesho. Ridhaa ni kukubali kwa hiari, ukiwa na akili timamu, ukijua unachokikubali, na ukiwa huru kughairi dakika yoyote. Studio jumuishi ni ile inayosema imejiandaa kumpokea mtu wa jinsia yoyote, umbo lolote, rangi yoyote, mwenye ulemavu au asiye nao, mwenye mwenzi au aliyekuja peke yake. Neno "inayosema" lina uzito hapo. Kuandika kwenye tangazo ni rahisi. Kujiandaa kunaonekana kwenye kamba yenyewe, kama tutakavyoona.

Ufundi huu una historia. Katika Japani ya enzi ya Edo (1603–1868), walinzi wa sheria walikuwa na mbinu za kufunga watuhumiwa zilizoitwa hojojutsu, na namna ya kufunga ilitegemea cheo cha mtu na kosa lake. Karne ya 20 mchoraji Ito Seiu (1882–1961) alizichukua taswira hizo, akazichora na kuzipiga picha, na baada ya Vita Kuu ya Pili majarida kama Kitan Club yakazieneza kwa wasomaji wazima. Intaneti ndiyo iliyousambaza sana ufundi huo Ulaya na Marekani, ambako studio za mafunzo zikafunguliwa. Kwa hiyo anayesema hii ni sanaa takatifu ya samurai, haijabadilika tangu enzi na enzi, anatia chumvi. Anayesema ni upuuzi wa Wazungu wa juzi naye amekosea.

Je, ni ngono? Kwa baadhi ya watu ina uhusiano na mapenzi, na hakuna haja ya kulificha hilo. Wengine huja kwa utulivu unaowajia mwili ukishikwa na akili ikaacha kukimbia, wengine kwa ajili ya sanaa na picha, wengine kwa sababu wanapenda mafundo. Katika darasa la wanaoanza watu huvaa suruali za mazoezi na fulana, hukaa juu ya mikeka, na wanachokiona ni mkono mmoja ukifungwa na kufunguliwa mara nyingi hadi fundo likae sawasawa. Studio za mafunzo kwa kawaida hukataza tendo la ngono wakati wa darasa. Ukihitaji uhakika, soma kanuni zao kabla ya kulipa. Zisipoandikwa popote, tafuta studio nyingine.

Kuna aina kadhaa za vipindi, na kukosea kuchagua ndiko huwafanya wageni wengi waondoke wamechukia. Darasa la mwanzo lina mwalimu na mpangilio. Usiku wa mazoezi hauna mwalimu: kila mtu anafanya yake, kuna mwangalizi anayezunguka, na mgeni asiyejua kitu huishia kukaa pembeni. Onyesho ni la kutazama tu. Kipindi binafsi ni wewe na mfungaji anayelipwa, na hicho si mahali pa kuanzia kama humjui mtu huyo wala hujajua mwili wako unavyopokea kamba. Anza na darasa. Huhitaji kwenda na mwenzi ikiwa tangazo linasema wanaokuja peke yao hupangwa wawili wawili. Hapo una haki ya kumkataa uliyepangiwa bila kutoa sababu.

Siku yenyewe, kula saa moja au mbili kabla na unywe maji. Njaa na kiu huweza kumwangusha mtu. Vaa nguo inayobana mwili kiasi, isiyo na vifungo wala zipu mahali kamba itakapopita. Vua saa, pete, bangili na hereni ndefu. Kata kucha. Usinywe pombe wala kuvuta kitu, kwani aliyelewa hawezi kutoa ridhaa wala kusikia ganzi inapoanza, na studio makini itakurudisha mlangoni. Chukua kitambulisho, kwa sababu chini ya miaka 18 hakuna anayeingia. Ukifika utavua viatu, simu itawekwa kwenye begi au kabati, na utaulizwa jina unalotaka kuitwa. Si lazima liwe jina la kwenye pasipoti.

Kisha yanakuja mazungumzo, na hapa mgeni anayetaka kuona kamba haraka huanza kuchoka. Asichoke. Mfungaji na anayefungwa hukaa chini na kuulizana: umewahi kufungwa? Una jeraha, ugonjwa, dawa unazotumia? Ni sehemu gani ya mwili nisiiguse? Unataka nini leo, na hutaki nini kabisa? Tukimaliza unahitaji nini: maji, blanketi, kuachwa peke yako? Wanakubaliana pia juu ya maneno ya kusimamisha. Mfumo unaotumika sana ni wa rangi: kijani ni endelea, njano ni punguza au rekebisha, nyekundu ni simama na unifungue. Palipo na muziki, au kwa mtu anayekosa maneno akizama kwenye utulivu, hupewa mpira mdogo ashike mkononi. Mpira ukidondoka, kazi imesimama.

Watu hudhani karatasi inayosainiwa mlangoni ndiyo ridhaa. Siyo. Ile karatasi ni kwamba umesoma kanuni za jengo. Ridhaa ni ya mtu huyu, kwa jambo hili, kwa muda huu, na aliyekubali kufungwa mikono hajakubali kushikwa kiuno. Mfungaji anayenung'unika akiambiwa "njano" hafai kushika kamba, hata kama mafundo yake ni mazuri kiasi gani.

Sasa kamba. Inayopendwa ni ya juti, nyuzi zilezile za magunia, zinazolimwa zaidi Bangladesh na India. Hempu, nyuzi za mmea wa jamii ya bangi, inakaribiana nayo ila ni nzito kidogo. Unene ni milimita 5 hadi 6, na urefu ni mita 7 hadi 8 kwa kamba moja, ambayo hukunjwa katikati na kutumika ikiwa mbili. Darasa la mwanzo linahitaji kamba moja au mbili. Ufungaji wa mwili mzima unaweza kumaliza kamba nane. Juti mbichi hukwaruza, hivyo hupitishwa juu ya moto ili vinyweleo viungue, kisha hupakwa mafuta kidogo. Katani yetu ya Tanga, pamoja na sifa zake zote kwenye meli na mashambani, haifai hapa: nyuzi zake ni ngumu na huchana ngozi. Pamba ni laini lakini hunyumbuka, na fundo lake likikazwa kwa uzito hugoma kufunguka. Nailoni inateleza, na ikivutwa kwa kasi juu ya ngozi huunguza. Kamba za studio hushikwa na watu wengi, kwa hiyo hazipitishwi juu ya kidonda wala chunusi iliyopasuka, na iliyolowa damu hutupwa, kwa kuwa juti ikifuliwa mara kwa mara hupoteza nguvu.

Somo la kwanza karibu kila mahali ni kufunga nguzo moja, yaani mkono au mguu mmoja. Kamba inakunjwa katikati. Ule mkunjo unazungushwa mara mbili juu ya kifundo cha mkono, kuelekea kwenye kiwiko, si juu ya maungio yenyewe. Mizunguko miwili ya kamba iliyokunjwa inatoa nyuzi nne zilizolala kando kwa kando, karibu milimita 24 za upana. Mkunjo unapitishwa chini ya mizunguko yote na kufungwa fundo lisiloteleza. Kidole kimoja kinapaswa kupita chini ya kamba bila kulazimisha. Fundo linakaa upande wa juu wa mkono, si upande wa ndani ambako mishipa iko karibu na ngozi. Jaribio la mwisho ni kuvuta mkia wa kamba: mizunguko ikibaki na ukubwa uleule, umefaulu, ikijikaza kama tanzi, fungua uanze upya.

Kwa nini nyuzi nne na si moja? Beba kilo tano za sukari kwenye mfuko wa rambo, utaona vishikio vinavyokata vidole. Hamishia sukari ileile kwenye kikapu chenye mkono mpana, na vidole vinapumzika. Uzito haukubadilika, eneo ndilo lililoongezeka. Makosa mengi ya wanaoanza yanatoka hapa: uzi mmoja umepanda juu ya mwenzake, shinikizo lote likaenda kwenye mstari mwembamba, na chini yake kuna neva, yaani mshipa wa fahamu.

Neva ndiyo mada ambayo picha za mitandaoni haziwezi kukuonyesha, na ndiyo sababu kubwa ya kujifunza kwa mwalimu badala ya video. Mkono una neva tatu kubwa. Neva ya radiali inazunguka nyuma ya mfupa wa juu wa mkono na kutokea upande wa nje, chini kidogo ya msuli wa bega, mahali ambapo kamba za kifua hupenda kukaa. Ikibanwa, mtu hupoteza uwezo wa kunyanyua kiganja, kikabaki kinaning'inia. Neva ya alna hupita kwenye kiwiko upande wa ndani, pale unapopigwa umeme ukigonga meza. Neva ya mediani inapita mbele ya kifundo cha mkono. Mguuni, neva ya peroneali inapita karibu sana na ngozi upande wa nje, chini kidogo ya goti. Ikiumia, unyayo hauinuki na mtu hujikwaa anapotembea.

Ukaguzi ni rahisi, na kila anayefungwa anapaswa kuujua kabla ya mfungaji. Nyanyua kiganja juu dhidi ya mkono wa mwenzako anayekizuia: hiyo ni radiali. Tanua vidole vyote: hiyo ni alna. Gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, uvikaze: hiyo ni mediani. Halafu linganisha hisia ya ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada, upande wa mgongo wa kiganja, kulia na kushoto. Ukaguzi huo hufanywa kabla ya kufunga, kila baada ya dakika chache, na baada ya kufungua. Kwa mikono iliyofungwa mgongoni, dakika 10 hadi 15 zinamtosha sana anayeanza.

Hapa kuna imani potofu inayowaumiza watu: kwamba ganzi yote ni "damu haipiti", na damu ikirudi mambo yamekwisha. Mkono mzima ukipoa na kuvimba taratibu, hiyo kweli ni damu, na kwa kawaida hurudi hali yake muda mfupi baada ya kufunguliwa. Neva huja kwa namna nyingine: kuchoma ghafla, mshtuko wa umeme, ganzi ya upande mmoja wa kiganja tu, au udhaifu bila maumivu yoyote. Wapo wanaopata udhaifu huo wakiwa wametulia na kutabasamu. Kwa hiyo kuuliza "uko sawa?" hakutoshi, mwambie anyanyue kiganja. Akishindwa, kamba ya mkono inatoka papo hapo.

Kando ya kila jozi pawe na mkasi wa huduma ya kwanza, ule wenye ncha butu inayopita chini ya kamba bila kuchoma ngozi. Lakini mkasi nao una mahali pake. Mtu aliyelala chini, kata unapotaka. Mtu aliyening'inizwa, ukikata kamba inayombeba kabla hajashikwa, umemwangusha. Kwanza mbebe au mshushe, kisha fungua au kata. Ajali nyingine ni kuzimia, hasa kwa aliyesimama muda mrefu mikono ikiwa juu au kifua kikiwa kimebanwa. Dalili hutangulia: kupiga miayo, jasho la baridi, kichefuchefu, macho kuona giza, kusema maneno yasiyokamilika. Mlaze, inua miguu, legeza kifua. Shingoni kamba haipiti kamwe, na aliyefungwa haachwi peke yake hata kwa dakika ya kuchukua maji.

Kuhusu kuning'inizwa, ambako ndiko picha nyingi hutoka, nitakuwa mfupi: si mambo ya ziara ya kwanza, wala ya pili. Kuna boriti iliyopimwa, pete ya chuma na karabina (kulabu ya chuma yenye lango linalojifunga) ambazo mara nyingi huandikwa kilonyutoni 22, karibu kilo 2,200. Kwa hiyo chuma si tatizo. Tatizo ni kamba asilia inayochakaa bila kuonekana, fundo linalopunguza nguvu yake kwa robo hadi nusu, na uzito wote wa mtu kukaa kwenye mikanda michache iliyopita juu ya neva zile tulizozitaja. Anayekuahidi kukupandisha siku ya kwanza anataka picha.

Turudi kwenye neno jumuishi, kwani hapa ndipo Mswahili anapaswa kuuliza maswali makali. Vitabu na video nyingi za ufundi huu zimetengenezwa kwa ngozi nyeupe na miili myembamba, na wanafunzi hufundishwa kutazama wekundu na ubuluu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani hivyo. Mwalimu aliyejiandaa anafundisha kutazama kucha, viganja na ndani ya midomo, kugusa ili kulinganisha joto la mkono mmoja na mwingine, na kubonyeza ukucha aone rangi inarudi baada ya muda gani. Atajua pia kwamba mikwaruzo kwenye ngozi nyeusi inaweza kuacha baka kwa miezi, na kwamba mwenye historia ya keloidi, yaani makovu yanayovimba, hapaswi kufungwa mahali palipochubuka. Ukimuuliza na akakujibu "ngozi ni ngozi tu", umepata jibu la swali lako la ujumuishi.

Nywele pia. Juti hunasa kwenye rasta na nywele za asili, na kuvuta kichwa kwa kamba iliyofungwa kwenye misuko kunang'oa nywele kwenye kingo za paji la uso. Wigi la gundi litajwe mapema. Anayevaa hijabu anaweza kubaki nayo. Pini zitoke, na kitambaa kisifunike kamba za mabega ambazo mfungaji anahitaji kuziona. Wapo wanaohitaji kipindi cha wanawake pekee, na studio nzuri hukipanga bila kumfanya aliyeuliza ajisikie mgeni.

Wanawake wengi kutoka kwetu wana vijiti vya uzazi wa mpango upande wa ndani wa mkono wa juu. Kamba ikipita hapo inauma na inaweza kujeruhi ngozi juu ya kijiti, kwa hiyo onyesha kwa kidole mahali kilipo. Mwenye selimundu (sickle cell) awe mwangalifu zaidi ya wote: kubana kiungo hupunguza damu na oksijeni kufika huko, na hilo ndilo hasa mwili wake hauwezi kulivumilia. Ushauri wangu kwake ni asikubali kufungwa kunakobana mkono wala mguu kabla ya kuzungumza na daktari wake, na mfungaji asiyejua selimundu ni nini asimfunge kabisa. Mwenye pumu aweke dawa yake ya kuvuta mahali ambapo mfungaji ataifikia. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda huvilia damu kwa urahisi. Na kwa anayeuliza kwa minong'ono: virusi vya UKIMWI havienezwi na kamba iliyogusa ngozi isiyo na jeraha.

Mtu mnene huambiwa na wasiojua kuwa kamba si kwa ajili yake. Anachohitaji ni kamba ndefu zaidi, mizunguko mitatu badala ya miwili ili upana uongezeke, na mfungaji anayetafuta mfupa na neva kwa kugusa badala ya kukisia. Mwanamume aliyebadili jinsia anayevaa vazi la kubana kifua, kamba ya kifua ikiongezwa juu yake, kifua kinabanwa mara mbili na pumzi inapungua. Vazi litoke au kifua kisifungwe. Kiziwi anayetumia lugha ya alama, ukimfunga mikono yote umemnyima sauti. Mkono mmoja ubaki huru, au pakubaliwe ishara ya mguu. Mwenye kiti cha magurudumu anaweza kufungwa akiwa kwenye kiti chake, ila kama sehemu ya mwili haina hisia hawezi kukwambia ganzi imeanza, hivyo kamba isikae hapo. Nchini Uingereza Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inawataka watoa huduma kufanya marekebisho yanayofaa kwa watu wenye ulemavu, kwa hiyo kuuliza habari za ngazi na choo si kuomba hisani.

Lugha ni kizuizi ambacho matangazo hayakitaji. Kiingereza cha kazini ni kimoja. Kiingereza cha mtu aliyeshtuka na maumivu ni kingine. Kubalianeni kwamba "simama", "basi" na "nyekundu" ya Kiswahili zina nguvu sawa na za Kiingereza, na mfundishe mwenzako kuyatambua kabla kamba haijatoka kwenye begi.

Sheria nayo ina jambo la kusema. Wengi huamini kwamba wakubwa wakikubaliana, hakuna kosa. Uingereza haiko hivyo. Mwaka 1993 Bunge la Mabwana, likikaa kama mahakama ya juu, liliamua kwa majaji watatu dhidi ya wawili katika kesi ya R dhidi ya Brown kwamba ridhaa si utetezi pale vitendo vya aina hii vinaposababisha jeraha halisi la mwili, na mwaka 1997 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu haikuona kosa katika hukumu zile. Sheria ya Unyanyasaji wa Majumbani ya 2021, kifungu cha 71, imekazia hilo kwa Uingereza na Wales kuhusu madhara makubwa yanayofanywa kwa ajili ya raha ya ngono. Alama ya kamba inayopotea baada ya saa chache kwa kawaida haiko kwenye kundi hilo. Mkono uliopooza unaweza kuwa. Upande wa pili, kumfunga mtu ambaye hakukubali, au kuendelea baada ya kuambiwa basi, hakuna studio wala mkataba unaofanya hilo liwe halali.

Picha ni suala la peke yake. Ridhaa ya kufungwa haina ndani yake ridhaa ya kupigwa picha, na ya kupigwa picha haina ndani yake ya kuirusha mtandaoni. Kwa Mswahili ni zito zaidi, maana picha ya London husomeka kwa lugha zote na hufika Dar es Salaam kabla ya aliyepigwa kufika nyumbani kwake. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayogusa usambazaji wa ponografia, na Kenya, Uganda na Tanzania zina sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja zinazoweza kumgeukia mtu aliyeonekana kwenye picha isiyo na maelezo. Ukitaka kumbukumbu, piga kwa simu yako mwenyewe, bila uso wala tatuu, na hakikisha hakuna mtu nyuma.

Utajuaje studio si nzuri? Mwalimu anayejitapa kwamba kwake hajawahi kuumia mtu. Mfungaji anayesema hatumii maneno ya kusimamisha kwa sababu "anausoma mwili". Wanaume wanaofunga tu na wanawake wanaofungwa tu, wiki baada ya wiki. Ukumbi usio na mkasi unaoonekana. Mtu anayekugusa akikuonyesha jambo bila kuomba. Malalamiko ambayo hakuna anayejua yapelekwe kwa nani. Ukiona mojawapo, unaweza kutoka katikati ya kipindi bila kuaga.

Baada ya kufunguliwa, kaa chini dakika kumi kabla ya kusimama, kula kitu, kunywa maji. Siku moja au mbili baadaye wengine hupatwa na uchovu au huzuni isiyo na sababu. Huwa inapita kwa usingizi na mazungumzo, na mfungaji mwema hupiga simu kuulizia. Michirizi kwenye ngozi hupotea kwa saa kadhaa, michubuko kwa siku kadhaa. Kisichopaswa kungojwa ni kiganja kisichonyanyuka, unyayo unaoburuzika, au ganzi iliyobaki hadi asubuhi. Piga 111, namba ya ushauri ya huduma ya afya ya Uingereza, au nenda kwa daktari, na useme ukweli: "Kamba ilikaa hapa, kwa dakika kadha, na ganzi ilianza hivi." Ukisema ulilalia mkono, atapima kitu kingine. Neva iliyobanwa kidogo hupona kwa siku au wiki; iliyoumia ndani huota karibu milimita moja kwa siku, ndiyo maana kutoka kwenye mkono wa juu inaweza kuchukua miezi. Wakati huo kiganja hushikiliwa na gango ili kisining'inie, na mkono huo haufungwi tena hadi nguvu irudi yote. Waambie na studio, kwa maandishi, pamoja na aina ya fundo na muda uliokaa, ili mwalimu ajue ni nini cha kubadilisha kwa darasa linalofuata.